Kidonge cha TLD kwa mtu mwenye VVU na homa ya ini aina ya B: tathmini baada ya miaka minne

Kidonge ninachokitathmini hapa kinafahamika kwa herufi tatu, TLD, na ndani yake mna tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Tathmini nyingi nilizowahi kuzisoma hukipima kwa jambo moja, yaani jinsi kinavyoteremsha wingi wa VVU katika damu, na kwa kipimo hicho kinastahili sifa zote kinazopewa. Mimi nimekimeza kila siku kwa miaka minne nikiwa na maambukizi mawili, VVU na homa ya ini aina ya B, na ninaandika kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, wanakitegemea kwa kazi mbili kwa wakati mmoja, wakiwamo wale ambao bado hawajaambiwa kwamba wanakitegemea hivyo.

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nilikuwa miongoni mwa hao wasioambiwa. Kliniki iliyonianzishia dawa ilinipima mambo mengi, lakini homa ya ini haikuwamo. Nilipohamia kliniki nyingine, muuguzi aliyepitia faili langu aliuliza majibu ya kipimo cha homa ya ini yako wapi, nami nikashindwa kumjibu. Alichukua tone la damu kidoleni, na kabla ya nusu saa kwisha akanieleza kwa upole kwamba antijeni, yaani alama ya kuwepo kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, imeonekana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu anayegundulika kuwa na VVU apimwe pia homa ya ini aina ya B na C, na sababu yake si ngumu kuielewa: virusi hivi vyote hupita katika njia zinazokaribiana, kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ingawa kila kimoja kina njia kinayoipenda zaidi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2.7 duniani wanaishi na VVU pamoja na homa ya ini aina ya B, ambao ni kama asilimia 7 ya wote wenye VVU. Kwao ugonjwa wa ini hukimbia zaidi kuliko kwa mtu mwenye homa ya ini peke yake, na makovu ya ini pamoja na saratani ya ini huweza kuwafikia mapema.

Habari njema, ambayo niliipata siku hiyo hiyo, ni kwamba nilikuwa tayari katika matibabu bila kujua. Virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU ni vya koo tofauti kabisa, lakini vyote hutumia kimeng'enya cha aina moja kunakili vinasaba vyao, na hapo ndipo tenofoviri na lamivudini huvizuia. Dolutegraviri haimo katika kazi hiyo, kwa kuwa inazuia hatua ambayo VVU pekee ndiyo huihitaji. Lamivudini nayo haifai kuachwa peke yake mbele ya homa ya ini, maana virusi hujifunza kuikwepa, na kwa wagonjwa wengi hilo hutokea ndani ya miaka michache. Nguzo yenyewe, basi, ni tenofoviri, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa VVU mwaka 2001 na kwa homa ya ini aina ya B mwaka 2008, na ambayo usugu dhidi yake ni nadra sana. Kwa upande wangu, vimeng'enya vya ini vimerudi katika kiwango cha kawaida, na kipimo cha wingi wa virusi vya homa ya ini hakijaona kitu kwa zaidi ya miaka miwili sasa.

Kutoonekana huko kusimdanganye mtu. Virusi hivi huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, mahali ambapo dawa tulizo nazo hazifiki, kwa hiyo dawa ikiondolewa huweza kuamka kwa ghadhabu. Ini huvimba ghafla, macho huwa ya manjano, na kwa mtu ambaye ini lake lina makovu tayari hali hiyo inaweza kumuua. Onyo hili limo katika karatasi ya maelezo ya dawa, lakini katika ile niliyopewa mimi lilikuwa katikati ya aya ndefu yenye maandishi madogo mno. Hii kwangu ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Jambo linaloweza kugharimu maisha lilipaswa kuwa juu kabisa, kwa herufi nene, na mtoa dawa alipaswa kulisema kwa mdomo wake.

Nilikaribia kuliona hilo kwa macho yangu. Kreatinini yangu, yaani taka ya damu inayopimwa ili kujua hali ya figo, ilipopanda kidogo, mhudumu mmoja alipendekeza tenofoviri iondolewe ili kulinda figo, nibaki na dolutegraviri na lamivudini tu. Alikuwa na nia njema. Tenofoviri ya aina hii huweza kweli kuathiri figo na kupunguza uzito wa mifupa, ndiyo maana vipimo vya figo havipaswi kurukwa. Ila dolutegraviri nayo hupandisha kidogo kiwango cha kreatinini katika kipimo bila kuharibu figo zenyewe, na daktari aliyenichunguza baadaye aliona kwamba kwangu ndivyo ilivyokuwa. Hata kama figo zingekuwa zimedhoofika, zipo njia ambazo haziachi ini bila ulinzi: kuna tenofoviri ya aina mpya iliyo laini zaidi kwa figo, na kuna entekaviri, dawa nyingine ya homa ya ini aina ya B, ambayo lazima iende pamoja na dawa kamili za VVU.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina malalamiko mengi. Majuma ya mwanzo nilikosa usingizi, nikahamishia kidonge asubuhi, tatizo likaisha. Uzito umeongezeka, kama wanavyoeleza watumiaji wengi wa dolutegraviri. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye madini huzuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri, kwa hiyo humeza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Wanaotumia metformini ya kisukari au rifampisini ya kifua kikuu wamweleze daktari kabla ya kuanza, kwa sababu dozi za dawa hubadilika.

Asitarajie mtu kwamba kidonge hiki kinatibu homa ya ini aina ya C, hakiigusi kabisa. Hiyo ina vidonge vyake, vinavyoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, mara nyingi kwa majuma 8 hadi 12, na mwenye VVU hupona sawa na mwingine. Lakini vidonge hivyo vinaweza kuamsha homa ya ini aina ya B iliyotulia, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitolea onyo mwaka 2016, kwa hiyo ni lazima ijulikane kwanza kama aina ya B ipo. TLD pia haifuti hatari ya saratani ya ini, nami bado hufanyiwa kipimo cha picha ya ini kila baada ya miezi sita. Mwenzangu alipimwa, hakuwa na maambukizi, akakamilisha chanjo tatu.

Mwaka huu nimeulizwa kama ningependa sindano za kutibu VVU za kabotegraviri na rilpivirini, zinazochomwa kila baada ya miezi miwili. Ninaelewa kwa nini watu wanazifurahia, maana kumeza dawa kila siku na kuificha kila siku ni mzigo ninaoujua. Hata hivyo hazina nguvu yoyote juu ya homa ya ini aina ya B, na mimi ningelazimika kuendelea kumeza dawa ya ini kila siku vilevile. Nimebaki na TLD, na muuguzi ameandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili langu: «Ana homa ya ini B. Tenofoviri isiondolewe kabla ya kumwona daktari.»