Kuishi Ngara: Maoni ya Mpangaji katika Mtaa Mkongwe Uliofanywa Upya

Tangazo lililonileta Ngara, jijini Nairobi, lilinadi nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika "mtaa wa kihistoria uliohuishwa, hatua chache kutoka katikati ya jiji". Kwa kuwa matangazo ya namna hiyo yamejaa siku hizi, nimeona vyema nieleze anachokipata mpangaji kwa fedha zake na asichokipata. Ninalipa shilingi 40,000 kwa mwezi pamoja na ada ya huduma, katika jengo jipya la ghorofa ambalo sitalitaja jina, na kabla ya hapo nilikuwa nikiishi Kahawa West, mbali na mjini upande wa Thika Road, huku kazi yangu ikiwa karibu na Moi Avenue.

Kuhusu umbali, tangazo halikudanganya. Kutoka nyumbani hadi kazini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, nikipitia mzunguko wa Globe, ambao hadi leo unabeba jina la sinema iliyokuwa pale, kisha nikaingia mjini kwa upande wa Tom Mboya. Wakazi wa Thika Road wanajua kwamba barabara ile kuu, iliyofunguliwa mwaka 2012, hupitika vizuri tu mpaka inapokaribia mjini. Taabu huanzia Pangani, magari yote yanapolazimika kuingia katika barabara nyembamba za zamani, na abiria anaweza kukaa hapo muda mrefu kuliko aliotumia kutoka Kahawa. Anayeishi Ngara amekwisha kuvuka kikwazo hicho kabla hajatoka nyumbani. Nauli ya shilingi 80 hadi 100 kila nilipokwenda na kila niliporudi saa za msongamano imebaki mfukoni, ingawa ni haki niseme kwamba sehemu yake kubwa imemezwa na tofauti ya kodi. Faida halisi ni muda. Ninafika nyumbani kukiwa bado na mwanga, jambo ambalo mtu aliyezoea kushuka kwenye matatu saa mbili unusu za usiku hawezi kulidharau.

Usiku, hata hivyo, sitembei. Sehemu iliyo chini ya daraja la Globe haina taa za kuaminika, na majirani wangu wanawake walinionya mapema kwamba baada ya saa moja unusu ni heri kulipa bodaboda au kupanda matatu kwa kituo kimoja tu.

Neno "kihistoria" ndilo linalohitaji kuchunguzwa. Historia ipo, tena nzito. Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 na jiji kugawanywa kwa misingi ya rangi, Ngara ikawa miongoni mwa mitaa ya Wahindi, na ndiyo maana hata sasa unaweza kukuta nyumba ya chini ya mawe ya kijivu, yenye paa la vigae vyekundu na ua wa ndani ambamo familia nzima ilipikia, ilifulia na kupumzikia. Shule mbili za eneo hili, Jamhuri na Ngara Girls, ziliwahi kuitwa kwa majina ya Duke wa Gloucester na mkewe, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Jirani zetu wa Pangani wana historia chungu zaidi, kwani kijiji cha Waafrika kilichokuwa pale kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wakahamishiwa upande wa Pumwani na Shauri Moyo.

Ila mtu asije akadhani kwamba kuhuishwa kwa mtaa maana yake ni kwamba nyumba hizo zilikarabatiwa. Zilibomolewa. Jengo ninaloishi limesimama juu ya kiwanja kilichokuwa na nyumba moja, na kilichosalia cha nyumba hiyo ni kipande cha ukuta wa mawe kando ya lango na mjakaranda mmoja ambao nadhani ulinusurika kwa kuwa ulikuwa mpakani. Serikali nayo ilifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: kwenye ardhi ya nyumba za zamani za Park Road ziliinuka nyumba 1,370 za bei nafuu, na kule Pangani mtaa wa nyumba 48 za baraza la jiji ukaondolewa kupisha nyumba zaidi ya 1,500. Sipingi hesabu hiyo, kwani jiji linahitaji makazi na mimi mwenyewe nimepata pa kulala kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba anayetafuta varanda, dari za juu na sakafu za kale atafute kwingine, maana hapa atauziwa chumba kama kile cha maghorofa mapya ya Ruaka au Roysambu.

Kilichohuishwa kweli, na ndicho kinachonifanya niupende mtaa, ni maeneo ya umma yaliyo pembezoni mwake. Bustani ya ukumbusho ya John Michuki, waziri wa zamani, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2020 kando ya Mto Nairobi, ina njia nzuri za kutembea na kivuli cha kutosha, na mchana utaona wafanyakazi wa mjini wamekaa na chakula chao. Mto wenyewe bado unanuka, hasa wakati wa kiangazi. Mpango wa kuusafisha ulizinduliwa Machi 2025, nasi tunaoupita kila siku ndio tutakaokuwa mashahidi. Makumbusho ya Taifa, ambayo yamekuwa pale juu ya kilima tangu mwaka 1930, yako karibu kiasi kwamba mgeni akija sina haja ya kukodi gari. Zaidi ya yote, kuna City Park upande wa Limuru Road, ambako mimi hutembea siku za Jumapili. Wengi huenda kuwatazama kima, nao kima huja kutazama mikoba ya watu, lakini humo pia amelala Joseph Murumbi, aliyekuwa mtu wa pili kushika umakamu wa rais wa nchi hii, karibu na kaburi la rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Bustani yenye msitu, kaburi la makamu wa rais na njugu karanga za kununua langoni, vyote kwa mwendo wa miguu kutoka sebuleni: hilo huko nilikotoka halikuwapo.

Ndani ya jengo mambo ni ya wastani. Maji ya mgao huja siku chache katika wiki, na siku nyingine tunategemea kisima, ambacho maji yake ninayatumia kufulia na kuogea tu kwa sababu visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Stima ikipotea, jenereta huendesha lifti na taa za ngazini, si zaidi. Kero kubwa kwangu imekuwa jua. Nilipohamia, dirisha la sebule lilitazama anga. Sasa linatazama ukuta wa ghorofa mpya uliojengwa karibu mno, na nguo nilizozoea kuanua mchana hubaki mbichi hadi kesho yake. Kabla ya kutia saini, tazama kiwanja kilicho kando: kama bado kina nyumba ya chini, jua kwamba haitadumu.

Nje ya lango, mtaa haujabadilika sawasawa na bei zake. Mabomba ya maji taka yaliyokusudiwa familia chache sasa yanahudumia mamia ya watu, na mvua za masika zikianza, tunaruka vidimbwi ambavyo afadhali nisivieleze. Honi za matatu na muziki wake huanza kabla ya alfajiri, hivyo chagua chumba cha upande wa nyuma. Mwenye gari ajue kwamba nafasi za kuegesha hulipiwa kando na hazitoshi, na wenye watoto wadogo hawatapata pa kuwachezesha ndani ya ua. Kwa upande mwingine, soko la Fig Tree liko karibu, mboga ni za bei ya kawaida, na maduka ya viungo ya familia za Kihindi zilizobaki yana dengu na bizari ambazo sijaziona kwenye supamaketi.

Mkataba wangu unakaribia kwisha na nimeamua kuurefusha kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba nihamishiwe ghorofa ya juu zaidi, upande wa mjakaranda, kwa kodi ileile. Ajenti amesema atazungumza na mwenye nyumba.