Mashine ya maji ya alkali: uzoefu wangu Kisauni

Shemeji yangu anauza hizi mashine za kuyatia maji alkali, yaani kinyume cha asidi, akaniachia moja niitumie nyumbani nione mwenyewe. Bei yake unanunua pikipiki mpya, kwa hivyo niliikagua bila haya.

Wauzaji wanakwambia maji yake yanaondoa asidi mwilini, yanashusha sukari na presha, yanatuliza viungo, na mboga ukizimwagilia zinanawiri. Yaani dawa ya nyumba nzima mpaka bustani.

Kinachowanasa watu ni yale matone ya rangi ya kupimia maji. Tone kwenye gilasi ya maji ya bomba, yakawa kijani; kwenye ya mashine, zambarau. Sebule nzima, "Mashallah!" Nikaenda jikoni nikachukua magadi, haya ya kulainishia maharagwe, nikakoroga kidogo kwenye maji ya bomba na kudondosha tone. Zambarau, tena iliyokoza zaidi. Matone yanapima alkali tu; habari za ugonjwa hayazijui.

Na alkali yenyewe ukishaimeza inakutana na asidi ya tumbo, pH 1.5 hadi 3.5 (kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), inaishia hapo. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na wanaoilinda ni mapafu na figo. Mama ana kisukari na hujipima kila asubuhi: hatukuona tofauti. Dawa zake hakuacha, hapo nilisimama kidete.

Bustani ndiyo iliyonikera. Sukuma wiki zangu ziko kwenye ndoo, udongo wa hapa hapa wenye chembe za matumbawe, ambao tayari una alkali. Ukiizidisha, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Ndoo zilizopata maji ya mashine, majani machanga yalipauka yakawa manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Zile za maji ya mtungi tuliendelea kuchuma. Ya kisima nayo niliyapitisha: yaliingia ya chumvi, yakatoka ya chumvi.

La kusifu lipo. Harufu ya klorini ilipotea na chai ikanoga. Ila hiyo ni kazi ya kichujio cha mkaa kilicho ndani, na vichujio kama hivyo vinauzwa peke yake kwa bei ya chini sana. Kwa hilo naipa nyota mbili. Maji ya mkokoteni bado nayachemsha, na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kabla ya kuyanywa haya ya alkali.