Franschhoek: Nilikwenda Kuona Mizabibu, Nikaonyeshwa Kivuli cha Madereva

Swali la kwanza nililoulizwa katika shamba la mizabibu la Franschhoek, Afrika Kusini, ambalo nilikuwa nimelipia nafasi ya kuonja mvinyo kabla hata sijaondoka Dodoma lilikuwa, "Wageni wako wako wapi?" Nilimjibu yule binti wa mapokezi kwamba mgeni ni mimi, pamoja na mke wangu aliyesimama kando yangu. Bila kuitazama orodha iliyokuwa mbele yake, alinyoosha kidole kuelekea mti mkubwa uliokuwa nje, mahali ambapo madereva wa magari ya watalii huketi wakisubiri, akaniambia kuwa huko kuna viti na maji ya kunywa. Jina la shamba hilo silitaji, lakini kidole kile ninakikumbuka mpaka leo.

Tukiwa bado tumesimama pale, waliingia Wazungu wawili ambao walisema kwa vinywa vyao kwamba hawakuwa wameweka nafasi, wakapelekwa moja kwa moja kwenye meza ya barazani inayotazama milima. Nilitoa simu, nikamwonyesha binti uthibitisho wa malipo wenye jina langu. Aliusoma, akasema, "Ungesema mapema." Sikusikia neno la samahani. Mke wangu, ambaye kwa kawaida ndiye mpole kati yetu, alinishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Baba Neema, twende zetu." Ningemsikiliza, lakini nilikuwa nimesafiri kutoka Tanzania kwa sababu ya mizabibu, na sikuwa tayari kuondoka bila kuiona kwa karibu.

Mimi ni mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, Dodoma. Kwetu hakuna baridi ya kutosha kuulaza mzabibu, hivyo ni sisi tunaoamua kwa mkasi wa kupogolea lini uanze upya, na ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kule Rasi, eneo la Afrika Kusini ilipo Franschhoek, mti hulala wakati wa baridi, kuanzia Juni, ukaamka wenyewe majira ya joto yanapokaribia. Kwa muda mrefu nilitamani kuona jinsi watu waliokaa na mmea huu zaidi ya miaka 300 wanavyoushughulikia. Mtu anayejua kazi hiyo anapoambiwa akasubiri chini ya mti, uchungu wake ni mkubwa kuliko wa mtalii wa kawaida.

Jambo lililonizidishia hasira ni kwamba mji huo wote umejengwa juu ya habari ya watu waliopokelewa. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti, na Wahugenoti wengi, yaani Waprotestanti hao wa Kifaransa, wakakimbia nchi yao. Mwaka 1688 baadhi yao walifika Rasi kwa meli za kampuni ya Waholanzi, wakagawiwa ardhi katika bonde hilo, ambalo zamani liliitwa Olifantshoek, yaani kona ya tembo, na baadaye likaitwa Franschhoek, yaani kona ya Wafaransa. Lugha yao ilipotea baada ya vizazi vichache tu. Kifaransa kimebaki kwenye majina ya mashamba kama La Motte na La Bri, na katika koo za Joubert, Du Toit na De Villiers. Mwishoni mwa barabara kuu kuna mnara wao, uliozinduliwa mwaka 1948, wenye matao matatu na sanamu ya mwanamke aliyeshika Biblia mkono mmoja na mnyororo uliokatika mkono wa pili. Asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa tumesimama mbele ya mnara huo kwa heshima kabisa, na mke wangu aliwaonea huruma watu wale hadi macho yakamlenga machozi.

Kisha, tulipokalishwa hatimaye kwenye kona iliyo karibu na mlango wa jikoni, mtoa maelezo alitusimulia kwamba familia ya Kifaransa ilifyeka pori na kupanda mizabibu "kwa mikono yake yenyewe". Nilimuuliza kuhusu watumwa. Wakulima wengi wa Rasi, Wahugenoti wakiwemo, walilimiwa na watu waliotolewa Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na ingawa sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika mwaka 1834, watu hao walishikiliwa kwa miaka minne zaidi hadi mwaka 1838. Alinijibu kwamba muda wa kuonja ni mfupi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitawashauri Watanzania wote wasikanyage Franschhoek.

Kijana aliyetuletea glasi ndiye aliyeuvuruga uamuzi huo. Alitusikia tukizungumza, akaweka sinia mezani na kusema, "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Alikuwa Mmalawi wa Karonga, na Kiswahili alikiokota Mbeya akiwa katika biashara. Nilipomweleza kazi yangu, alikwenda kumwita msimamizi wa shamba, mzee mwenye viganja vigumu kama vyangu, ambaye alitutembeza katikati ya mistari kwa karibu saa nzima bila kudai chochote. Zabibu zilikuwa zinaanza kubadilika rangi. Alinionyesha jinsi wanavyopunguza majani upande wa jua la asubuhi tu, ili lile kali la mchana lisiunguze vichala, na akaniuliza maswali mengi kuhusu mavuno yetu mawili, kwani hakuwahi kukutana na mkulima anayeishi na mzabibu usiolala. Saa hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko gharama zote nilizolipa, na nikiipima ziara kwa saa hiyo peke yake, nalazimika kusema nendeni.

Hata hivyo, wakati wa kutoka tulipita tena mapokezi, na binti yule alikuwa akimwelekeza mwanamume mwingine mweusi kwenye mti uleule. Huenda huyo alikuwa dereva kweli. Sikusimama kuuliza, na hadi leo najilaumu kwa kutouliza.

Mzee wa shambani aliniambia nirudi Julai, wakati wa kupogoa, nije na mkasi wangu. Nimemwambia mke wangu kwamba mlango ule siupiti tena, naye amekubaliana nami. Juzi, hata hivyo, nimemkuta akiulizia nauli ya Julai.