Geji ya hewa na petroli kwa gari la tabo: kagua waya kabla ya uso

Malalamiko ninayoletewa na wenye Subaru za tabo hapa Nairobi yanafanana mno: geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli iliyo kwenye dashibodi inaonyesha 11.5 (yaani sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya petroli; namba ikipanda, petroli imepungua), kompyuta ya fundi anayeseti injini inaonyesha 12, na mwenye gari hajui aamini ipi. Lawama huangukia sensa ya geji iliyo kwenye ekzosi, ambayo mara nyingi haina kosa lolote.

Kosa huwa kwenye waya wa hasi. Sensa ya Bosch LSU 4.9, inayotumiwa na geji nyingi za sasa, ina hita inayokula umeme mwingi, na umeme huo ukirudi kupitia nati yenye kutu au rangi, hasi ya geji hupanda juu ya hasi ya kompyuta ya injini, na ishara ya volti 0 hadi 5 ambayo geji huipelekea kompyuta hiyo hupanda nayo. Kwa geji za AEM, volti moja ya ishara ni 2.375 za kipimo, kwa hiyo volti 0.2 tu zinatosha kukupotosha kwa karibu 0.5 ya kipimo. Fundi akiamini ile 12 ataongeza petroli isiyohitajika, plagi zitapiga masizi, na bili ya petroli ni yako.

Ndiyo maana naiweka AEM X-Series mbele, na sifichi kwamba naipendelea. Ishara yake ina nyaya mbili, mweupe na wa kahawia, na huo wa kahawia ni hasi ya ishara peke yake, ambayo inapaswa kufika kwenye hasi ya sensa za kompyuta ya injini. Mafundi wenye haraka huufunga pamoja na ule mweusi, ulio hasi ya umeme wa geji, na kuua faida yote uliyoilipia. Waya mwekundu upitie fyuzi na uchukue umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, kamwe usitoke moja kwa moja kwenye betri, na usitoke kwenye redio, kwani umeme wa redio hukatika unapopiga stata.

Innovate MTX-L ni ya pili. Inasomeka vizuri, na ishara zake mbili zinaweza kubadilishwa kwa kompyuta, lakini haina hasi ya ishara ya peke yake, hivyo waya wake mweusi sharti ufungwe palepale ilipofungwa hasi ya kompyuta ya injini. Ikiwa utaitazama kwa macho tu, bila kupeleka ishara popote, tofauti hii haikuhusu.

Zile za bei rahisi zinazosoma sensa ya kiwandani hujua tu kama umepita 14.7 au hujaifikia. Tabo ikisukuma, hizo ni taa za mapambo.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Boksi la AEM X-Series hutoka kiwandani likiwa na sensa na nati ya kuchomelea kwenye ekzosi, lakini kuna wanaoitoa sensa, wakaiuza peke yake, kisha wakakutoza geji kwa bei ileile ya seti nzima, na ukiuliza unaambiwa dola imepanda. Fungua boksi kaunta, hesabu vitu kimoja kimoja, na ncha ya sensa ikiwa na masizi, rudisha pesa zako mfukoni.