Waliotupangia upya mabomba ya valvu za usalama: nyota nne

Nasimamia zamu ya boila kwenye kiwanda cha sukari kinachojizalishia umeme kwa makapi ya miwa. Mkandarasi wa awali alichomelea bomba la kutolea mvuke kwenye elbo (kona ya bomba) ya valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, akalifunga juu kwenye vyuma vya paa. Boila ikipata moto hutanuka na kupanda, paa halipandi. Mzigo wote ukaishia shingoni mwa valvu, flanji (kiungio chake cha boliti) ikawa haiishi kuvuja.

Wahandisi tuliowaita safari hii walianza na swali moja: valvu ikifunguka, inapiga teke kwa nguvu gani? Wakakokotoa ubaoni, mafundi wote tukitazama. Valvu kubwa hutoa tani 36 za mvuke kwa saa, yaani kilo 10 kwa sekunde. Mvuke huo ukitoka kwa takriban mita 500 kwa sekunde, nguvu ya mwendo peke yake ni nyutoni 5,000, bado presha iliyobaki mdomoni. Na kwa kuwa valvu hufunguka ghafla, wakazidisha mara 2, kiwango cha juu katika ASME B31.1, mwongozo wa Marekani wa mabomba ya mitambo ya umeme. Ni zaidi ya nyutoni 10,000, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja, inakandamiza elbo chini na kuipinda shingo!

Wakaikata elbo iwe fupi na kuipa sapoti inayoshikwa na boila yenyewe, ili vyote viinuke pamoja. Bomba la juu, pana zaidi, sasa linabebwa na jengo na haligusi valvu. Chini yake kuna trei yenye mfereji wa maji. Bei ni kubwa, lakini huko Marekani, kwenye vituo vya umeme wa nyuklia vya Robinson mwaka 1970 na Turkey Point 1971, valvu za usalama ziling'oka kwenye mabomba ya mvuke. Silalamikii bei.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu michoro ilikuja bila kipimo cha nafasi kati ya elbo na bomba boila ikiwa baridi. Mchomeleaji wetu alilazimika kuwapigia simu usiku. Hiyo si kasoro ndogo: nafasi ikikosewa, elbo itagota.

Siku ya majaribio valvu ilifunguka, jukwaa likabaki bila mvuke, na utepe tuliofunga ukingoni mwa trei ukavutwa ndani, ishara kwamba bomba lilikuwa likivuta hewa, si kurudisha mvuke. Nilifurahi mno.

Ukiwaita, wape mapema namba zilizopigwa kwenye kibati cha valvu. Bila hizo hawaanzi hesabu.