Kalibu ya silikoni ya vifaa vya hospitali: vidonge sawa, stetoskopu hapana

Msimu wa mahafali ukifika, waokaji wa Kampala huletewa agizo lile lile: keki ya daktari, ya nesi au ya mkunga, na juu yake lazima stetoskopu ionekane. Ndiyo maana kalibu hii haikai dukani. Ni kipande kimoja cha silikoni, kikubwa kidogo kuliko kiganja, chenye mashimo manane: stetoskopu, bomba la sindano, plasta, kapsuli, kidonge cha mviringo, moyo, jino na fimbo ya nyoka. Mashimo manne yanarudisha pesa yako. Stetoskopu, ambayo ndiyo watu wanaifuata, haimo katika hayo manne.

Kapsuli, kidonge, plasta na moyo hutoka safi, kingo zimekaa, hata vitundu vya plasta vinaonekana. Ila fondanti ya ndoo, ule ukandiko wa sukari wa kufunikia na kupambia keki, usiitumie kama ilivyo. Kwa unyevu wa huku karibu na Ziwa Viktoria, hasa mvua za Machi hadi Mei, hulegea, na ukiichomoa hujinyoosha. Kapsuli ikageuka haragwe. Kanda gramu 250 za fondanti na kijiko kimoja cha chai cha poda ya tailosi, ambayo huikaza, ifunge kwa nailoni, iache nusu saa. Shindilia shimoni, kata ziada kwa kisu bapa ukitoka katikati kwenda ukingoni, kisha ingiza friza dakika 5 hadi 8. Zaidi ya hapo kipande kikitoka hushika umande na kunata vidoleni. Na wakati wa kutoa, kunja kalibu iachie kipande. Usivute kipande kiachie kalibu.

Kwa rangi nyepesi nyunyiza konfulawa kidogo shimoni. Kwa nyeusi na buluu iliyoiva, konfulawa huacha ukungu mweupe usiofutika, kwa hiyo paka utando mwembamba wa mafuta ya Kimbo kwa brashi. Kapsuli ya rangi mbili hujazwa nusu nusu humo humo kalibuni, tone la maji katikati ndilo gundi.

Sasa stetoskopu. Shimo lake lina urefu wa sentimita 7 hivi. Juu ya keki ya sentimita 20 inaonekana kama kidoli cha mtoto. Mpira wake ni mwembamba mno, nao hukatika kila mara pale unapogawanyika. Tena aliyeichonga kalibu ameupeleka mpira moja kwa moja hadi masikioni na kusahau vyuma viwili vinavyoshika ncha za masikio. Mgeni wa kawaida hataona, lakini keki hii italiwa na watu wa wodini, na hilo ndilo jambo la kwanza watakalolicheka.

Iviringishe kwa mkono. Gramu 80 za fondanti yenye tailosi zinatosha na akiba inabaki. Mpira mkuu uwe na unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 45. Matawi mawili ya milimita 6, kila moja sentimita 14. Kisahani cha kifuani kipenyo cha sentimita 4, unene wa sentimita 1. Viringisha kwa ubao laini au mgongo wa sahani bapa, kwa sababu vidole huacha mawimbi. Thuluthi mbili za mwisho za kila tawi zifanye za kijivu, ndizo vyuma, na ncha za masikio zielekee mbele kidogo, kama tundu la sikio lilivyo. Wengi hukosea mpangilio wa kukausha: hufinyanga yote usiku, asubuhi wanajaribu kuipinda juu ya keki, nayo inapasuka. Kisahani pekee ndicho kikaushwe siku moja kabla. Mpira ulazwe juu ya keki ungali laini.

Weusi nao una gharama. Ukichukua fondanti nyeupe ukaipiga rangi ya jeli mpaka iwe nyeusi, inakuwa nata, inakuwa chungu, na wageni wanaondoka na midomo ya makaa. Nunua iliyokwisha kuwa nyeusi, au anza na kahawia: kijiko kikubwa kimoja cha kakao katika gramu 200, ndipo rangi nyeusi, kisha ilale usiku kucha, rangi hukolea yenyewe. Au muulize mteja stetoskopu yake ina rangi gani. Siku hizi ziko za maruni, kijani na buluu, na ukilinganisha rangi mwenyewe atajua umemfikiria yeye.

Vyuma hupakwa poda ya rangi ya fedha iliyochanganywa na matone ya pombe kali isiyo na rangi. Waragi inafanya kazi vizuri na hukauka upesi, ilhali maji huyeyusha sukari na kuacha utelezi. Mteja asiyetaka pombe, paka poda kavu juu ya utando wa Kimbo. Soma kikopo: kilichoandikwa kuwa hakina sumu si lazima kiwe cha kuliwa. Tafuta kinachosema waziwazi ni chakula.

Shimo la fimbo lina nyoka wawili na mabawa. Hiyo ni alama ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara wa Kiyunani, iliyozoeleka katika tiba kupitia Wamarekani. Ya tiba ni fimbo ya Asklepio, mungu wa tiba wa Wayunani: nyoka mmoja bila mabawa, kama ile ya Shirika la Afya Duniani. Chonga mwenyewe kwa dakika tano. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe pia uache. Unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, si pambo la kila hospitali. Moyo wa kalibu unajaza nafasi hiyo vizuri. Bomba la sindano linapita, lakini usichomeke sindano ya kweli wala waya mtupu ndani ya keki.

Pengo kubwa zaidi ni la wakunga. Hakuna shimo la kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, alichokibuni Pinard wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19 na ambacho vituo vya afya vya Uganda bado vinakitumia. Chukua gramu 40, finyanga umbo la tarumbeta la sentimita 9, mdomo mpana sentimita 3, na upande wa sikio kisahani bapa chenye tundu. Kisimamishe juu ya mdomo mpana siku mbili ndani ya boksi la karatasi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko hufungia unyevu, na kipembe kitainama.

Kufunika keki yenyewe, duara la sentimita 20 lenye kimo cha 10 hula gramu 750 za fondanti, ukiisukuma kwa unene wa milimita 4. Chini yake ganashi, sehemu mbili za chokoleti nyeusi kwa moja ya krimu, huvumilia umeme ukikatika. Siagi tupu haivumilii. Ikitoka friji, iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo koti jeupe la fondanti litatokwa jasho na weusi wa mpira utachirizika. Kwa safari ya boda, kipembe na kisahani vibebwe pembeni, vibandikwe ukumbini.

Muuzaji akiwa na kalibu ndogo ya vidonge na plasta pekee, chukua hiyo.