Kwa mama wa kisamvu, Mikindani: nimekula pale msimu mzima

Jamani wa Mtwara, na nyie wa Lindi mnaopitaga huku kikazi, kuna kibanda kipo Mikindani upande wa baharini, ukishuka kwenye daladala unapita katikati ya zile nyumba za mawe za zamani mpaka unaanza kuona mikoko, hakina bango wala jina, ukiuliza watu wanakwambia tu kwa mama wa kisamvu. Nina kama miezi miwili nakula pale kwa hiyo nachosema nimekijaribu mwenyewe.

Kilichonipeleka ni hali yangu. Mimi niko ghalani, na anayeujua msimu wa korosho anajua, ukifika mwezi wa kumi magunia hayaishi, mizani haipumziki, mkulima anakupigia saa nne usiku anauliza hela ya mnada wa juzi mbona haijaingia benki na wewe huna jibu la kumpa, na unajua kabisa ana ada ya mtoto inamsubiri. Nilikua nashindia chipsi, soda na enaji, chai ya rangi nzito vikombe vitano kwa siku, cha mwisho saa tatu usiku. Nalala macho yako wazi, moyo unadunda, asubuhi nagombana na kila mtu. Nikaenda hospitali presha imepanda kidogo, dokta akaniambia nipunguze chumvi na hayo machai, nile chakula cha kueleweka na nilale. Basi mwenzangu wa kazini ndo akanivuta Mikindani, kama kilomita kumi tu kutoka mjini.

Sahani ninayochukua ni ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na changu wa kuchoma, elfu nne. Kisamvu chake sasa, aisee. Anatwanga mwenyewe kwenye kinu, majani machanga tu, anakichemsha muda mrefu sufuria iko wazi, halafu ndo inaingia nazi na korosho za kutwanga, kinakua kizito na kina utamu wake ule bila kuzidisha chumvi. Siku ya kwanza nilikua na haraka nikamwambia mama samahani nna gari linanisubiri, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, kisamvu hakikimbizwi, kina sumu yake, iache itoke na mvuke kwanza." Na ni kweli, majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ndo maana wazee wetu wanatwanga na kuchemsha sana. Tangu siku hiyo nikija pale naweka simu mfukoni nasubiri tu naangalia maji, na hiyo nusu saa nadhani imenisaidia sawasawa na chakula chenyewe.

Halafu hizo korosho. Sisi tunazipakia tani na tani zinaenda India na Vietnam na nyumbani kwetu hatuli, wakati kiganja kimoja tu, gramu 28 hivi, kina kama miligramu 80 za magnesiamu, madini ambayo misuli na mishipa ya fahamu inayategemea. Inaniuma sana hii kwakweli. Mkulima wa Tandahimba au Newala anauza gunia zima halafu mtoto wake anakunywa chai kavu.

Badala ya soda naagiza chai ya mchaichai na tangawizi, sukari naweka mwenyewe. Mchaichai hauna kafeini, na ile chai yangu ya saa tatu usiku nimekuja kuelewa kwamba kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu tu mwilini, sasa usingizi utatoka wapi. Nimeacha chai ya majani baada ya saa nane mchana, wiki ya pili nikaanza kulala saa tano mpaka alfajiri. Sisemi kisamvu kinatibu presha, mwenye dawa zake za hospitali aendelee nazo na aende kupima, mimi nasema tu mwili wangu umetulia.

Siku nyingine anakua na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili pembeni, ukiikuta usiiache. Juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, nayo ipo msimu huu, mabibo yana vitamini C kuliko chungwa na huko mashambani mengi yanaozea chini, lakini ya kwake anaijaza sukari mpaka ule ukakasi wote unapotea, nimemwambia mara mbili akaahidi atapunguza bado sijaona. Pilipili ya samaki pia ni kali, mwambie mapema akuwekee pembeni. Mabenchi mawili tu, saa saba mnabanana, na mtandao wa simu pale unasumbua kwa hiyo nenda na keshi.

Ijumaa anafunga mapema, siku zingine fika kabla ya saa saba maana kisamvu kinaisha kabla ya samaki. Na wa Lindi mjini, kama kuna mama anayepika hivi huko kwenu nielekezeni, mwezi ujao nna kazi huko wiki mbili na sitaki kurudi kwenye chipsi.